Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa maishani ilikuwa na nguo yake. Ilikuwa kwenye ofisi ya ushirika wa pamba pale Bunda, miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na sisi tukabaki na maghala ya kufugia popo. Mwenzangu katika chumba cha uchapaji, mama mmoja wa Kabasa, aliifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua ya bluu, kirefu, kikifunika kioo na sanduku lake mpaka mezani. Nyumbani kwake redio ilikuwa na kitambaa, makochi yana vitambaa, hata chupa ya chai. Mashine ghali kama ile ingekaaje uchi? Sisi wenyewe viatu tulikuwa tunavua mlangoni.

Mimi nilikuwa binti wa Butiama, nimetoka tu chuo cha uhazili, na nilikuwa najiona. Yeye alianza kupiga taipureta kabla sijaanza shule. Nilipofika Bunda sina pa kulala, ndiye aliyenikaribisha kwake mpaka nikapata chumba. Katibu wa ushirika alishatuambia bila kuzunguka kwamba watu wanapunguzwa kazi, na kwamba mashine moja haihitaji wachapaji wawili. Mchana tuliendelea kula sahani moja, kila mmoja akijua kuwa mwingine anajua.

Ndipo kompyuta ikaanza kuganda. Asubuhi ilifanya kazi bila shida. Umeme ukikatika halafu ukarudi, hata saa moja haipiti, kishale kinasimama palepale, unabonyeza wee, hakuna herufi. Tunazima, tunawasha, inakwenda kidogo, inaganda tena. Barua ya kurasa mbili tuliweza kuichapa mara tatu.

Akaja fundi kutoka Mwanza. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasema umeme unaporudi unarudi kwa kishindo. Tuwe tunachomoa waya na kusubiri kidogo. Tukachomoa, tukasubiri, ikaganda. Ikanunuliwa stabilaiza ya kutuliza umeme, ikawa inanguruma pembeni na kompyuta imeganda vilevile. Mwisho watu wa ofisini wakaamua kwamba mama yule ana gundu.

“Huyu mama akishikaga tu, inakufa,” mlinzi aliniambia mbele ya wenzake. “Kwa nini kwako haifi?”

Nilicheka nao. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilicheka.

Hata hivyo maneno ya mlinzi yaliniganda kichwani. Mama alipokwenda msibani Murangi, siku tatu umeme ulikatika kila siku na kompyuta haikuganda hata mara moja. Alirudi na samaki wa ziwani, furu wakavu, amenifungia kwenye gazeti, na mchana uleule ikaganda. Gundu siliamini. Nikaanza kumwangalia anavyofanya kazi.

Asubuhi alikunja kitambaa vizuri na kukiweka kabatini. Umeme ukikatika alikirudisha upesi, kwa sababu vumbi la barabara kuu lilituingia dirishani. Umeme ukirudi hakukiondoa chote. Akiondoe cha nini, na utakatika tena? Alikipandisha mbele tu, kama anayemfunua bibi harusi uso, akaanza kuchapa. Nyuma, upande wa ukutani, kilibaki kimening'inia. Nikapitisha mkono. Kilikuwa kimeziba matundu ya feni ya kuipoza mashine, na bati lilikuwa la moto kama sufuria. Zile siku tatu za msiba mimi sikukitoa kabatini hata mara moja.

Tulikuwa wawili tu chumbani. Ningeweza kumwambia palepale, tukakiondoa, na hadithi ikaishia hapo. Badala yake nilimwita katibu, na nyuma yake wakaja mhasibu na mlinzi. Nikainua kile kitambaa juu.

“Umeme hauna kosa,” nikasema. “Kosa ni hiki.”

Wakaangua kicheko. Katibu akanipa mkono. Mama alikitazama kitambaa chake kama hakukijua.

“Kumbe mimi ndiye nilikuwa naiua,” alisema. Halafu akanigeukia, kwa sauti ya chini kabisa: “Mwanangu, si ungeniambia?”

Nilikikunja kile kitambaa, nikamrudishia.

Mwisho wa mwezi katibu aliniletea orodha ya wanaopunguzwa niichape. Jina la mama lilikuwa la tano. Katikati ya kazi umeme ukakatika, ukarudi, nikawasha, nikaendelea nilipoishia. Nilitamani igande. Haikuganda.

Siku yake ya mwisho alikuja kuaga, akavua viatu mlangoni kama kawaida, akaniwekea kifurushi mezani. Kilikuwa kile kitambaa, kimefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amefumua sehemu ya nyuma na kuifuma upya, akiacha uwazi wa mviringo, mkubwa kama kiganja, na kuuzungushia maua yaleyale ya bluu.

“Usiiache wazi, vumbi litaiharibu,” aliniambia. “Huko nyuma nimeiachia pa kupumulia.”