Siku Niliyosimamisha Mkono Njiani

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, hata soksi nilizovaa: moja yangu, moja ya dada yangu. Nilikuwa mrushaji wa ekipe, timu yetu ya besiboli hapa Mapendo, Goma, na kwa kujisifu hakuna aliyeniweza.

Tulicheza na vijana wa mji wa Kiwanja. Washindi wangeenda Bunagana kucheza na Waganda, na mimi nilishatangaza mtaa mzima kwamba naenda. Mama alishanipigia shati pasi. Arbitri, yaani mwamuzi, alikuwa Muzee Sefu, dereva wa zamani wa lori aliyejifunza mchezo huu Uganda. Ndiye aliyetufundisha sisi, lakini Kiwanja walimkubali kwa sababu hakuna mwingine aliyejua sheria.

Zamu ya mwisho, tumelingana, mukimbiaji wao yuko besi ya tatu. Akifika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, tumekwisha.

Sasa mimi nilikulia kwenye mpira wa miguu. Kwetu Goma ukimdanganya golikipa kwenye penalti mpaka aanguke peke yake, utabebwa mabegani. Nikasema, hata hapa itafaa. Nikainua mguu, nikaleta mkono kwa nguvu, halafu nikausimamisha njiani, mpira bado ninao. Mpigaji akapiga upepo, akazunguka nusura aanguke. Weee! Watu walicheka, nami nikanyoosha mikono juu kama bingwa.

Muzee Sefu hakucheka. “Balki!” akapaza sauti, akamwonyesha yule mukimbiaji njia ya nyumbani, aende kwa kutembea tu. Mechi ikaisha pale.

Sheria ndiyo hiyo, mwanangu. Kukiwa na mukimbiaji kwenye besi, ukishaanza kumrushia mpigaji huna ruhusa ya kuacha. Ukiacha, kila mukimbiaji anapewa besi moja ya bure.

“Muzee, si wewe ni wa kwetu?” nikamwuliza huku machozi yananitoka.

“Leo mimi ni arbitri. Ungetoa mguu kwanza nyuma ya kibao unachokanyaga ukirusha, ungefikiri mpaka uchoke, hakuna mutu angekusemesha. Lakini ulishaanza. Yule mutoto wa watu aliamini mukono wako.”

Nilimnunia wiki nzima, mpaka mke wake aliponiita. Akaniambia kwamba Muzee alishafunga mfuko wake wa safari, aende nasi. Ndugu yake anayekaa upande wa Uganda angemngoja mpakani Bunagana, na walikuwa hawajaonana tangu aache lori. Alijua hayo yote alipoita balki. Yesu Maria, niliona haya! Nikaenda kumwomba msamaha. Alinicheka, akanipa chai, kisha akanirudisha uwanjani nijizoeze kutoa mguu.

Ndiyo maana jana, mwanangu, ulipousimamisha mkono njiani, nilikuitia balki mimi baba yako, niliyekuwa arbitri, mbele ya rafiki zako, na mkashindwa. Iliniuma, usidhani haikuniuma. Ninunie ukitaka, lakini sikia: ukiwa na mashaka, toa mguu kabla hujaanza. Ukishaanza, maliza, hata mpira ukapigwa mpaka ziwani. Na hata ukienda kuposa binti wa watu fanya hivyo hivyo, usimwonyeshe mkono ambao hautafika.

Mungu akupe mkono wa kweli na mguu wenye akili, na akupe arbitri anayekupenda kiasi cha kukuitia kosa. Haya, kunywa chai yako, inapoa.