Alama za Mtoto wa Karani wa Posho

Selestine alikuwa karani wa posho katika mgodi mmoja wa dhahabu kule Geita, mwaka hamsini na tatu, na jamani, mtu anayewapimia unga watu mia mbili kila Jumamosi anataka cheo gani tena? Yeye alikitaka. Mgoa mmoja wa ofisini alipohama alimwachia sataranji na kete zake zote, basi Selestine akaanzisha chama pale klabuni, akatundika ubao mweusi ukutani, akajiteua mwandishi wa alama.

Hesabu aliipanga mwenyewe na, sikatai, ilikuwa na akili. Kila mtu alianza na alama mia. Ukimfunga aliyekuzidi unapata kumi. Ukimfunga uliyemzidi unaambulia mbili, maana kumpiga mnyonge si ushujaa. Aliyefungwa anakatwa kadiri hiyo hiyo. Kwa watoto kila kitu kilikuwa mara mbili, kupanda na kushuka.

"Mtoto wa mwezi huu si yule wa mwezi uliopita," alieleza, kidole juu. "Alama zake lazima zikimbie zimkute alipo."

Maneno matamu! Kumbe alikuwa anamwazia mwanawe Donatus, wa miaka kumi na miwili. Na Donatus alipanda kweli. Maduhu, mchimbaji aliyekuwa hafungiki, alimweka malkia wake mahali ambapo hata kuku angemdonoa, kisha akashika kichwa: "Lo! Mtoto huyu ni hatari!" Jumamosi Maduhu akapimiwa kibaba cha tele, unga unamwagika pembeni. Nkwabi, aliyemfunga mtoto bila huruma, akapata cha mfuto, tena kilichofutwa kwa kiganja kizito. Wiki iliyofuata hata Nkwabi akafungwa.

La kuchekesha ni kwamba Selestine hakumwomba mtu yeyote amwachie mwanawe. Aliona tu mkono wake ukiwa mwepesi kwa watu wenye adabu. Donatus alipofika mia na sitini, juu ya wote, baba mtu aliamini kabisa.

Ndipo ikaja barua: shule moja ya Mwanza inamwalika mtoto wa kwanza wa chama acheze na watoto wake mbele ya wazazi. Selestine akamshonea mwanawe kaptura mpya. Donatus akaacha kula.

"Baba, nikifungwa huko mbele ya watu?"

"Mwenye mia na sitini afungwe na nani? Acha ujinga."

Jumapili, Limi, binti mdogo wa mfugaji Mabula, rika la Donatus, alileta maziwa klabuni kama kawaida. Alijifunza sataranji kwa kuchungulia huku akisubiri vibuyu vyake, na jina lake lilikuwa ubaoni, chini kabisa, na mia yake ya kuanzia. Donatus akamwomba wacheze. Selestine akacheka, akaruhusu.

Sasa kwao Limi walikula mtama wa shamba lao. Unga wa Selestine haukumhusu ndewe wala sikio. Alimfunga Donatus kabla maziwa hayajamiminwa yote. Wakarudia, akamfunga tena. Mara mbili kwa ishirini: Donatus mia na ishirini, Limi mia na arobaini. Wa kwenda Mwanza akawa Limi.

"Haihesabiwi!" Selestine alifoka, jasho linamtoka. "Asiye kwenye daftari la posho si mwanachama!"

Sheria hiyo ilizaliwa pale pale. Maduhu alitazama miguu yake. Nkwabi akaona kazi ghafla kwenye kiko chake. Jumamosi haikuwa mbali, nani aseme?

Donatus aliinuka, akachukua kitambaa, akafuta ubaoni jina lake mwenyewe.

"We mtoto! Umeingiwa na nini?"

"Baba, mimi nimecheza na Limi tu," Donatus alisema, machozi yakimlenga. "Hao wengine wote walikuwa wanacheza na wewe."