Barua Iliyotaka Kunifukuzisha Chuo Marekani

Wiki ya tatu tu tangu nifike chuoni Marekani, niliitwa ofisi ya udahili nikaambiwa matokeo yangu ya shule ni ya kughushi.

Nilicheka. Nilidhani utani.

Mimi naitwa Nerys, mtoto wa fundi bomba wa Swansea, Uingereza. Nimesoma shule ya serikali, nikapasua masomo yote matatu ya kidato cha sita. Hakuna aliyenibeba.

"Tumepokea barua," akasema Bi Haverkamp wa ofisini, hata usoni hanitazami. "Una siku tano. Shule yako ithibitishe, la sivyo unarudi kwenu."

Nikatoka.

Kichwani nilikuwa na jina moja tu. Rayleen.

Huyo ndiye niliyepangiwa naye chumba, binti wa wafugaji wa Nebraska. Siku ya kwanza alibandika utepe sakafuni, katikati kabisa.

"Kule kwako, huku kwangu. Usivuke."

Nikiongea, ananiiga. Nikichemsha chai, "Malkia, watumishi wako leo wamegoma?"

Nikaenda kumlilia Imogen. Tuliotoka Uingereza mwaka ule tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Alisoma shule ya bweni ya wenye nazo. Nyumbani asingenipa hata salamu, ila ugenini tulikuwa ndugu.

Akanikumbatia. Akanipangusa machozi.

"Ni yule mchunga ng'ombe wako. Usimlazie damu, shoga. Mpashe!"

Nikampasha kweli. Niliuvuka utepe wake, nikamwita mshamba, mchawi, nikamwambia arudi zizini kwao akanuke na wenzake.

Rayleen akabeba mto na viatu, akaondoka.

Nikajiona kidume.

Siku ya nne uthibitisho ukaja kutoka Swansea. Bi Haverkamp akafunga jalada. Pole? Hata ya uongo sikupewa.

"Naomba niione hiyo barua."

Akasita, kisha akanisogezea.

Haikuwa na jina. Ila juu pameandikwa tarehe: 14/9.

Nikarudia kusoma. Kumi na nne, tisa.

Wamarekani huanza na mwezi. Rayleen angeandika 9/14. Huyu aliyetanguliza siku alifundishwa kuandika kulekule nilikofundishwa mimi.

Na tuliotoka huko tulikuwa wawili tu.

Imogen nilimkuta bwaloni anakula.

"Kwa nini?"

Wala hakukana. "Vyuo vya nyumbani vilinikataa, Nerys. Nikaja huku kuanza upya. Nafika, nakukuta wewe, mtoto wa fundi bomba, na ufadhili wako, na kila mtu ananiuliza kama wewe ni dada yangu. Hata huku nisipumue?"

Akaendelea kutafuna.

Nilimtaja ofisini. Wakasema hakuna ushahidi. Alihitimu vizuri tu, na picha za kofia akapiga.

Rayleen alikuwa amehamia jengo jingine. Alinifungulia mlango nusu.

"Nimekukosea," nikasema. "Nilidhani ni wewe uliyeniandikia ile barua."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Sikupendi, Nerys. Sikukupenda tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nilikwambia wewe mwenyewe, usoni. Mimi siandiki barua."

Akafunga. Miaka minne, hakunisemesha tena.

Jamani, anayekuonyesha chuki yake waziwazi unajua pa kumkwepa. Mchunguze kwanza yule anayekuonyesha wa kugombana naye.