Unga wa Kuvu na Kicheko cha Mama

Mama yangu aliacha kucheka mimi nikiwa bado naota meno ya pili. Kuongea aliongea, kanisani aliimba, lakini kicheko alikizika pamoja na ndugu yangu. Na wenye makosa nawajua. Wengi wamekufa na bado nina hasira nao.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu kule Dundori, miaka ya Hali ya Hatari. Wazazi wangu walichuma pareto, na Jumamosi tulipimiwa posho. Mwaka mmoja stoo ilivuja, mahindi yakashika kuvu. Ng'ombe wa maziwa hawakupewa, eti yangewaharibu. Yakasagwa, tukapewa sisi! Ugali ulikuwa mchungu, lakini ungefanya nini? Ilikuwa kiangazi, na kutoka nje ya ua kutafuta mboga za managu kando ya mto ilikuwa kutafuta risasi. Tuliula kwa chumvi.

Kumbe Mama alikuwa ameshika mimba, na hata yeye hakujua. Alipojua, nyanya, mama ya baba, alimwambia anyamaze.

"Mimba haitangazwi, wewe. Ngoja tumbo liseme lenyewe."

Tumbo liliposema, masika yalikuwa yamefika na managu yameota mpaka nyuma ya choo. Hapo nyanya akawa mkali: kunywa uji huu wa wimbi, maliza mboga hii, usiniachie maziwa kwenye kibuyu. Mama akanawiri. Sote tulisema atazaa dume.

Akazaa dume kweli, mwenye sauti kubwa. Lakini chini ya mgongo, mahali pa ngozi, palikuwa na uvimbe mwekundu ulio wazi, na miguu yake haikurusha teke hata moja. Hatukuweza kumbeba mgongoni kama watoto wengine. Nilimlaza kifudifudi mapajani pangu nikifukuza nzi, na nikimpulizia shingoni alitulia. Nilimpenda, jamani. Alikufa kabla ya kuota jino.

Sasa sikia maneno ya watu. Shambani palikuwa na mkamuaji mwenye kibyongo, mtu wa mizaha. Siku moja Mama, tumbo likiwa kubwa, alicheka mzaha wake mpaka akaketi chini. Hicho ndicho walichokumbuka: alimcheka kibyongo, Mungu amemjibu. Mkamuaji mwenyewe alikuja kusema kwamba walicheka pamoja. Wakamfukuza. Na Mama alipoanza kulia, nyanya akamkata kauli palepale kaburini.

"Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Kaburini! Baba alitazama viatu vyake tu. Mama akameza machozi, tukarudi nyumbani.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari na mvi, nilimsindikiza mke wa mwanangu kliniki, Nakuru mjini. Daktari alimwambia aanze mboga na vidonge kabla hata ya kushika mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hufunga majuma ya mwanzo kabisa, mama hana habari. Nikamuuliza juu ya mahindi ya kuvu. Alisema hawezi kuapa kuhusu mtoto ambaye hakumwona, lakini unga kama huo, na kukosa mboga, vinaweza kuuzuia mgongo usifunge.

"Na kucheka je?"

"Kucheka, mathe?" Alinishangaa. "Kucheka hakudhuru mtoto."

Nilipanda Dundori siku hiyohiyo. Nilimkuta Mama akimenya viazi, nikamwambia yote bila hata kuketi. Nilitaka acheke, hata kidogo, kabla hajafa.

"Haikuwa kicheko, Mama. Pengine ni ule unga."

Aliweka kisu chini. "Ule mchungu?"

"Ule."

"Na zile mboga zote nilizokula?"

"Zilikuja mgongo umeshashindwa kufunga."

Akalia kwa sauti, kile kilio alichonyimwa kaburini, nami nikamshika mabega.

"Kumbe tulipokula ule unga mwanangu alikuwa ameshafika tumboni," alisema. "Amefika na njaa yake, na mimi sijui yupo."