Gitaa la Ngari na Mkono wa Kushoto

Hebu mwone Kinya akiingia Ishiara saa sita mchana. Jua limekaza, naye bado amevaa sweta nzito ya kwao Kibirichia kwenye baridi, begani ana gunia dogo la viazi, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Hakuja sokoni. Amekuja kuona gitaa la umeme la mzee Ngari, aliyelipiga kwenye bendi miaka thelathini mpaka vidole vikakakamaa, na sasa anatafuta wa kumuuzia.

"Amefukuza watatu," mkewe Ciakuthii alimwonya akipokea viazi. "Mmoja alitaka kulipaka rangi ya dhahabu! Huyu mzee anauza gitaa kama anaoza binti."

Basi Ngari akalitoa ndani. Ee bwana! Lilikuwa jekundu, ila pale mkono wake uliposugua miaka yote rangi ilikuwa imefifia, mbao yenyewe ikichungulia. Kinya alilipakata. Mgongoni lilikuwa limechongwa likabonyea kidogo, mahali hasa pa kupokea mbavu. Aliyelitengeneza alikumbuka kwamba mpigaji naye ana mwili. Akapitisha kidole gumba nyuma ya shingo. Laini, kama mpini wa jembe lililolimiwa na mtu mmoja maisha yake yote. Hata vile vyuma vyembamba vya shingoni vilikuwa vimelika, vingine sana, vingine kidogo tu, ukitazama unakisia ni nyimbo gani mzee alizipenda.

Akalitaka, jamani. 

Kisha akaligeuza, shingo ikaelekea kulia.

"Ngoja, mama!" Ngari aliruka. "Kumbe wewe ni mashoto?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi pole. Mashoto lazima abadilishe nyuzi, na achonge upya hapa juu zinaposhikwa. Hili halichongwi nikiwa hai."

"Nani amesema nitalichonga? Gitaa la kanisa letu tunapiga watu wanne. Nani angenibadilishia nyuzi kila Jumapili? Nilijifunza hivi hivi, juu chini."

"Huo ni uongo."

"Washa spika."

Ngari akawasha, uso umekunjamana. Mwanzoni kiwiko cha Kinya kiligonga vidude vya kuongeza na kupunguza sauti, muziki ukazama. Akacheka, akajisogeza, akaanza tena, wimbo wa zamani wa bendi ya Ngari. Kwake nyuzi nyembamba ndizo zilikuwa juu, kwa hivyo kila alipopitisha mkono wimbo ulianza kwa kulia kwa sauti nyembamba, halafu ndipo ukanguruma. Ciakuthii alisimama mlangoni na kiazi nusu kimemenywa.

"Mzee, huo ni ule wimbo wenu kweli?"

"Rudia," Ngari alimwambia Kinya. Akarudia. "Tena." Akapiga mara ya tatu, polepole, mzee ameinamia spika kama anayesikiliza siri.

"Miaka thelathini," alisema mwishowe. "Sikujua lina sauti hiyo."

"Kwa hivyo umeniuzia, mzee?"

"Umenishinda, mama. Ni lako."

Kinya akamkabidhi pesa, akazima spika, akainuka avae mkanda begani. Mkanda haukuja. Ngari alikuwa ameushika upande wa pili.

"Baba Njue, achilia," Ciakuthii alimwambia mumewe kwa upole. "Si ulitaka mtu ambaye hataliharibu?"

"Ndiyo," Ngari alijibu, na mkono haukufunguka.

Sasa niambie wewe, uliye kitako unanisikiliza: ungekuwa Ngari, na leo ndiyo mara ya kwanza umelisikia gitaa lako mwenyewe, ungeachilia?