Alivyotamka Ndivyo Alivyoandika

Ufundi wa mtandao mimi niliuingia kwa hasira. Nilikuwa nimemaliza cheti cha kompyuta, nikarudi nyumbani Bukiriro, nikakaa msimu mzima napalilia maharage huku kila jirani anayepita njiani akiniuliza, "Na ile kompyuta yako vipi, binti?" Siku moja nikamwambia mama nimechoka kuulizwa. Nikapanda gari hadi Biharamulo, kwa fundi mmoja niliyesikia anatafuta msaidizi. Nikamkuta amepiga magoti chini ya meza ya mteja, waya kaushika kwa meno.

"Shikamoo," nikasema.

Akautoa waya mdomoni. "Malahaba. Unajua langi?"

Nikajua huyu ananitania. Rangi nani asiyezijua? Kumbe alikuwa na maana yake. Ndani ya waya wa mtandao mna vinyaya vyembamba vya rangi mbalimbali, na sharti uvipange kwa mpangilio uleule huku na huku kabla hujabana kichwa cha plastiki kwa koleo. Ukikosea kimoja tu, kompyuta hii haiioni ile. Nilikosea. Nikakosea tena. Yeye anakikata kichwa nilichobana, ananipa kingine. Jioni vidole vinaniuma hata kumenya ndizi naona kazi.

Fundi alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia Kaniha na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, yeye ng'ombe akawaachia kaka zake. Kwenye ulimi wake hukuti R hata ya dawa, labda akiwa anakuigiza. Sasa sisi Wahangaza kwetu ni kinyume, L ndiyo inatusumbua: wengi wetu tunakula "chakura", na usiku "tunarara". Basi pale dukani kwake ilikuwa ni kuchekana tu.

"Lete ile luta."

"Ipi hiyo, fundi? Luta siijui, najua ruta ya kugawa mtandao."

"Wewe jana si umeaga unakwenda kurara? Unanicheka nini sasa?"

Tunacheka mpaka mteja anatushangaa.

Kazini lakini alikuwa mgumu. Ukimwambia mtandao umekufa, anakuuliza, "Nani kakwambia?" Alitaka uanze na umeme: taa zinawaka? Halafu waya: umechomoka, umetafunwa na panya? Halafu anwani, maana kompyuta mbili zikipewa anwani moja zinagombana na hakuna inayofanya kazi. Mashine utailaumu mwisho kabisa. Mtu, alisema, usimlaumu kabla hujapiga magoti ukatazama chini ya meza.

Fundi alianguka asubuhi moja, anafungua mlango wa duka. Kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali alikuwa anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Inatoka sauti tu, na mwenyewe akiisikia kwamba si neno, anafumba macho. Jamani, nilikuwa siwezi kuvumilia. Naenda nyuma ya nyumba nalia, nanawa uso, narudi kumnywesha uji.

Katika hali hiyo ndipo ilipoingia simu kutoka chama kimoja cha wakulima upande wa Mugoma. Mtandao wao fundi aliufunga kabla mimi sijafika kwake. Meneja wao alikuwa anafoka hata salamu hakuna. Kompyuta zao za zamani, zile za kuchomeka waya zisizodai neno la siri, walishaziondoa. Wameletewa kompyuta mpakato zinazotumia waifai, na neno la siri waliloachiwa linakataa.

"Nyie si mnasema mlitufungia mtandao?" akasema. "Kweli mmeufunga, mmeufunga na kufuli! Huyo mzee wako tapeli. Katuachia neno la uongo ili kila siku tumwite yeye. Nampa mpaka kesho jioni. Asipofungua, naandika kwenye kundi la viongozi wa vyama, Ngara na Biharamulo yote wamjue."

Simu yangu ina sauti kubwa. Mke wa fundi alisikia, akaketi palepale sakafuni. "Mwanangu," akaniambia, "hata Mungu akimponya huyu, watu wakishaambiwa ni tapeli, atamfanyia nani kazi?"

Fundi naye alisikia. Akaanza kugonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Nikamwinamia, nikamuuliza neno la siri la Mugoma ni lipi. Mdomo ukahangaika, jasho likamtoka. Nikamwekea kalamu kwenye mkono ule wa kushoto. Ikatoka michirizi tu. Akaitupa. "Acha, fundi," nikamwambia. "Naenda mwenyewe." Nilisema kwa sauti ya kujiamini, na sikujua hata nitaanzia wapi.

Kesho yake nikafika Mugoma juu ya bodaboda, vumbi limenipaka mpaka kope. Meneja kasimama mlangoni.

"Wewe ndiye mwanafunzi wa tapeli?"

Kichwa kikaniwaka! Haki ya Mungu, nilikuwa na neno tayari mdomoni. Nikalimeza, nikamwamkia shikamoo kama nilivyolelewa, nikapita ndani.

Taa za ruta zinawaka. Umeme upo, waya mzima. Ruta ina kitufe kidogo kwa nyuma; ukikibonyeza kwa sindano inasahau kila kitu, na neno la siri nalo linaondoka. Lakini inasahau pia mipangilio ya kampuni inayowaletea intaneti, na hiyo mimi sikuwa nayo. Zaidi ya hapo, ningefuta kila kitu, meneja angesema ushahidi ndio huo, alitufungia. Sikuja kufungua ruta tu. Nilikuja kumtoa mtu wangu kwenye utapeli.

Nikamgeukia mhazili, mama wa makamo, Mhangaza mwenzangu. "Mama, neno mliandikiwa?"

"Hapana, alinitajia kwa simu, siku alipolibadilisha. 'Karibu wakurima'. Herufi ndogo, hakuna nafasi katikati."

Tukaandika kama inavyoandikwa shuleni: karibuwakulima. Likakataa. Nikaandika kama anavyotamka yeye mhazili, wakurima. Likakataa. Meneja akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta lile kundi lake. "Si nilisema mimi?"

"Subiri!" nikamwambia, na sikuongeza heshima yoyote.

Nikapiga magoti chini ya meza. Nyaya za zamani zilikuwa bado zimelala pale, zimefungwa vizuri kwa utepe, na kila moja ina kikaratasi chenye mwandiko wa fundi. Nikasoma. PLINTA. Nikasoma cha pili. KALANI.

Nilicheka hukohuko chini ya meza. Nilicheka na machozi yananitoka, meneja akamuuliza mhazili kama mimi ni mzima. Huyu mtu alivyotamka ndivyo alivyoandika! Yeye alisema kalibu, mama wa watu akasikia karibu, tena akamalizia na wakurima wake wa Kihangaza. Kila mmoja alisema kweli kwa ulimi wake. Nikatoka, nikaandika taratibu, kwa sauti, kama yeye: kalibuwakulima.

Ikaingia.

"Yewe!" mhazili akashangaa kwa Kihangaza, akapiga makofi. "Kumbe mimi nilikuwa namsahihisha!"

Meneja aliangalia kile kioo, akaangalia vile vikaratasi, akaanza kucheka na yeye. Hakuwa mtu mbaya, wakulima walikuwa wamemkalia shingoni wiki nzima. Nikamwambia akiwa bado anacheka, "Sasa andika kwenye kundi. Fundi yuko kitandani na kiharusi, hawezi kujitetea. Andika hana kosa, mimi nikiona." Akaandika. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka akatuma.

Halafu akaniambia kwa upole, "Lakini binti, tuseme ukweli. Mzee ndiyo basi tena. Kuanzia sasa ofisi hii ushike wewe. Na vyama vingine nitawaambia wakuite."

"Mimi sikuja kumrithi mtu aliye hai," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilijiona shujaa njia nzima.

Nyumbani nikamsimulia fundi yote, na vikaratasi, na makofi ya mhazili. Nilipofika kwenye kalibu alicheka kwa upande mmoja wa uso, mwili wote ukatikisika. Mkewe akawa anasema, "Asante Bwana, asante Bwana," anajifuta kwa kanga. Nami, kwa kujivuna kabisa, nikamwambia nilivyomjibu meneja.

Kicheko kikakatika. Akanikamata kifundo cha mkono, mkono wa kushoto ulikuwa bado na nguvu. Mdomo ukaanza kuhangaika.

"Unataka maji?" mkewe akauliza. Akatikisa kichwa. "Tukugeuze?" Akatikisa tena, kwa hasira.

"E...nda," akasema.

Sote wawili tukamwinamia.

"Nenda wapi, fundi?" nikamuuliza, na nilikuwa najua. "Utapona. Utaenda mwenyewe. Sitaki mimi."

Akaubana mkono wangu mpaka ukauma. "Nenda!" akasema, na safari hii lilitoka zima, lina mwanzo na mwisho, kila mtu mle ndani alilisikia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke, na alilitumia kunifukuza kwake. Mkewe akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nikatoka uani, nikapiga simu Mugoma.