Udi wa Siku ya Kutoka Eda

Kwenye mambo ya manukato nina sheria zangu, na ukizivunja tutagombana. Joto la Mtwara likianza, jipake marashi ya waridi kidogo, shingoni na viganjani, basi. Udi ni wa kipupwe, wa Idi na wa harusi. Mtu anajifukiza udi jua la saa saba, halafu anapanda bajaji na wenzake, jamani, anawatafuta nini watu?

Mume wangu alikuwa ananicheka. Yeye alinuka salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho alirudi kutoka shamba letu la Naliendele na ule unga mwili mzima, mpaka paka anamkimbia, nami namfokea avue nguo hukohuko uani. Akafa msimu huohuo. Asubuhi kifua kilimbana, adhuhuri hayupo.

Msuli aliolalia usiku wa mwisho sikuufua. Niliukunja nikauweka chini kabisa ya sanduku langu la nguo, na salfa yake, na jasho lake, na sabuni ya mche. Mjane akiwa edani hagusi manukato, na wallahi halikunisumbua hilo. Nilikuwa na harufu yangu. Kila nikimaliza kuswali alfajiri nilifungua sanduku, nikaunusa, nikalia weee, nikafunga.

Siku ya kutoka eda, dada wa mume wangu alikuja kwangu Magomeni, hapahapa Mtwara, kunivisha. Alibeba chetezo, mkaa na chupa ya waridi. Akaniuliza, "Wifi, chagua. Udi au waridi?"

Nikakwama. Kwa jua lile ilikuwa waridi. Lakini watu wanakuja kunipokea, na shughuli ni shughuli. Nikasema, "Haya, udi. Leo tu." Nikaingia kuoga.

Nilikawia bafuni maana sikutaka kutoka, sikutaka kabisa. Niliporudi chumbani moshi umetanda. Wifi alikuwa amemaliza sanduku zima juu ya tenga la kufukizia, kanga, madera, kila kitu, kwa sababu nguo zilikaa eda nzima bila harufu nzuri, na yeye hafanyi kazi nusunusu. Juu kabisa alikuwa ametandaza msuli.

Nikaunyakua. Nikanusa katikati, nikanusa pindo. Udi mtupu.

"Umefanya nini, wewe? Umefanya nini!" Nilipiga kelele hadi wageni barazani wakasikia. "Ilikuwa imebaki harufu yake! Hiyo tu ndiyo ilikuwa imebaki!"

Nilidhani atajitetea. Alinitazama na koleo la mkaa mkononi. Kisha akauchukua msuli, akaunusa na yeye, upande huu na upande huu, akitafuta.

"Ilikuwepo?" akauliza. "Harufu ya kaka yangu? Siku zote hizi ilikuwepo humu ndani, wifi, na hukuniita na mimi ninuse?"